Kanda za Shangazi

Mwaka jana nilirudi Goma, nikaenda kusukwa pale Majengo. Binti aliyenisuka alikuwa amefungulia muziki kwenye simu: gitaa linakwaruza kama mashine ya kusaga mahindi, na juu yake mtu anaimba Kireno taratibu, kana kwamba fujo ile haimhusu. Akaniambia ni bendi mpya ya roki ya Brazili, kaigundua mwenyewe. "Mama, vitu hivi watu wakubwa hawavijui." Nilimkata jicho baya kwenye kioo. Hakuwa na kosa. Hasira yangu ni ya zamani kuliko yeye.

Sikiliza, nikueleze. Shangazi yangu aliuza vitenge. Kabla vita havijafunga njia alifika hadi Luanda, kule Angola, akarudi na kanda za bendi za Brazili, za vijana wa zamani wenye nywele ndefu. Jumamosi tulitwanga sombe, majani ya mihogo, uani, naye akaweka redio-kaseti juu ya ndoo iliyofunikwa. Magitaa yakanguruma, filimbi ikapotea na kurudi, katikati ya wimbo mtu akacheka bila sababu. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili niliacha mchi nikacheza. Bibi alitoka kuswali, akauliza kama wale watu wanaumwa meno, kisha akakaa akasikiliza mpaka mwisho.

Ng'ambo ya ua aliishi jirani, muzee muuza makaa, aliyechukia kila kicheko kilichotoka kwetu. "Zimeni ile makelele!" Shangazi aliongeza sauti.

Kisha waasi wakashika mji. Angola ilikuwa ikipigana upande wa serikali ya Kinshasa, dhidi yao, na Waangola husema Kireno. Jirani hakuhitaji zaidi. Aliwaambia waasi kwamba Shangazi anasikiliza ujumbe wa adui, na baadaye akajisifia jambo hilo mtaani. Askari walikuja mchana, sombe ikiwa motoni.

"Hii ni luga gani?" mkubwa wao aliuliza.

"Kireno, papa. Ni wanamuziki tu, wa Brezili."

"Na Waangola wanasema luga gani?"

Walizikanyaga kanda mpaka utepe ukajaa uani, wakamchukua Shangazi. Jirani alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, akitazama.

Shangazi alirudi baada ya majuma kadhaa, sikio la kushoto halisikii. Hakusimulia kitu. Tulipopata redio nyingine, hakuigusa.

Halafu volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Lava ilipita Munigi ikateremka mjini, tukakimbia na godoro na sufuria. Tuliporudi, nyumba yetu na ya jirani zilikuwa chini ya jiwe moja jeusi, bado la moto, linanuka kiberiti. Jirani alikuwa pale, analia. Akamfuata Shangazi.

"Mama, pole. Sasa sisi wote tuko sawa."

"Hapana, muzee," Shangazi akasema. "Yako imekuliwa na volkano. Yangu ulikula wewe."

Wote wawili wamekufa sasa. Matanga ya yule muzee sikwenda, na sioni haya. Juu ya jiwe lile kuna nyumba mpya, na wapangaji wasiojua kitu. Bendi za Shangazi nimezipata zote mtandaoni, sauti safi kabisa, na hizi mpya zinazozifuata ni nzuri kweli. Nasikiliza peke yangu, mlango nimefunga. Na watu wakianza kusema kwamba ni mlima uliotumaliza, nanyanyuka, naondoka.