Gemu Niliyocheza na Mkwe Wangu

Mimi na baba mkwe wangu, aliyefiwa na mkewe, tuliishi kiwanja kimoja huko Lufingo miaka sita bila kusemeshana hata neno. Hatukuwa tumegombana. Ndiyo heshima ya Kinyakyusa: mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, haingii alimo. Tukikutana njiani, mimi ndiye wa kupisha na kuingia migombani. Chakula chake nilikiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka. Wageni walitucheka. Mimi niliona ni adabu, na kusema kweli ilinipunguzia maneno.

Ndipo mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, akatuletea simu ya mkononi. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, soko la Tukuyu limejaa vitu vya nje, na kila mtu anataka simu hata kama hana wa kumpigia. Ndani yake mlikuwa na gemu moja, iliyotokana na zile sinema za roboti zilizokuwa zikionyeshwa kwenye mabanda ya video mjini. Mtu mdogo mwenye bunduki anakimbia katika jiji lililobomoka, mashine zinamfuata. Akiuawa, muziki wa huzuni unapiga, na unarudia mpaka ubonyeze kitufe.

Simu ilikuwa ya nyumba nzima, kwa hiyo ikawa inakaa pale kigodani. Mzee aliizoea kabla yangu. Mtu aliyechuma chai maisha yake yote, vidole vimekakamaa, sijui alijifunzaje. Siku moja nilipoichukua nikakuta ameacha alama zake za gemu kwenye kioo. Nikacheza, nikampita, nikairudisha, nikakohoa. Baada ya muda nikamsikia ndani akiguna, halafu milio ya bunduki. Kesho yake akawa amenipita. Tukaendelea hivyo msimu mzima wa mvua, na mvua za Rungwe haziishi upesi. Akinishinda sana, nilimcheleweshea chai ya asubuhi kwa makusudi. Nilimpenda mzee yule, na sikuwa na njia nyingine ya kumwambia.

Asubuhi moja nilikuwa namenya ndizi nikasikia ule muziki wa kufa. Nikacheka moyoni: leo kapatikana. Ukarudia. Ukarudia tena. Nikadhani ananichokoza, kaniachia zamu. Nikaenda mlangoni, kigoda kitupu. Nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu. Ndani kimya, muziki tu.

Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Ningeweza kuusukuma. Badala yake nilikimbia ng'ambo ya shamba la chai, matope hadi magotini, kumwita jirani, mwanamume, aje aingie yeye. Alikuwa akikama ng'ombe. Akaacha ndoo, akaja na mkewe. Walimkuta mzee sakafuni, upande mmoja umelegea, mdomo umepinda, macho wazi. Hakuwa amepoteza fahamu. Kumbe muda wote ule alikuwa akinisikia nikikohoa.

"Ndaga, mwanangu," mke wa jirani aliniambia. "Pole. Ungeingiaje wewe?"

Wote walisema hivyo. Ningeona afadhali angalau mmoja wao anilaumu.

Tulimfikisha hospitali, Makandana. Muuguzi hakuwa mtu wa kwetu, alihamishiwa hapo kutoka Tanga. Akaniuliza, "Mama, wewe ndiye ndugu yake? Basi mwinue baba kidogo, umnyweshe uji."

Nikamwambia siwezi, ni mkwe wangu.

"Kwani mkwe si mzazi?" akasema, akanikabidhi kikombe, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Jirani na mkewe walikuwa wamesharudi kwao, na mume wangu bado alikuwa njiani kutoka Mbeya. Nikajiambia potelea mbali. Nilishamwacha sakafuni kwa ajili ya mila, sitamwacha na njaa. Nikapitisha mkono chini ya shingo yake nikamwinua, na kwa mara ya kwanza nikautazama uso wake. Alikuwa na macho ya mume wangu.

Mzee akauinua ule mkono wake mmoja uliobaki na nguvu. Polepole akavuta shuka mpaka juu, akajifunika uso. Nikabaki nimemshika kichwa, uji unapoa.