Jani la Kuombea Msamaha

Linaloniuma ni kwamba Sylvanus hakuwa mjinga. Mjinga angebabaika mapema akanusurika. Huyu alikuwa mtu wa hesabu, aliyeuza ndoo na mabeseni sokoni Kiboriloni miaka mingi, na Sudan Kusini ilipopata uhuru alikuwa wa kwanza kusema Juba kuna hela. Mtaji ndio hakuwa nao. Akamshawishi mama yake, Theopista, waweke rehani kihamba chao, shamba la ukoo la Kilema, kwa jirani, mzee Eliamini: migomba, kahawa, na kaburi la baba humo humo. Mwisho wa kukikomboa ulikuwa Krismasi ya 2015.

"Desemba si watu wote wanarudi nyumbani, mama? Na mimi nitarudi na hela," aliahidi.

Juba ilimpokea. Ndoo ziliuzwa, paundi zikajaa. Kazi ikawa kuzigeuza dola, maana mlimani huku kwa Wachagga nani anataka paundi za Juba? Benki iliuza dola kwa bei nafuu ya serikali, lakini zilikuwa chache na foleni haisogei. Mtaani zilikuwepo, kwa bei mara mbili. Wenzake waliuma meno wakanunua. Sylvanus akawacheka.

"Nitupe nusu ya jasho langu? Nasubiri zamu yangu benki."

Bei ya mtaani ikapanda mara tatu, mara nne, hadi mara sita, naye ndivyo alivyozidi kuing'ang'ania foleni. Ukaidi wa namna ile unatia hasira hata kuusimulia.

Katikati ya Desemba, taifa lile changa, katika kuhangaika kuiokoa paundi yake, likaacha kuishikilia bei ya dola. Ya benki ikawa sawa na ya mtaani. Huenda ilikuwa dawa ya kweli. Mimi si mchumi. Ninachojua ni kwamba Sylvanus alisikia habari hiyo redioni akiwa anakunywa chai. Fedha ya kukomboa kihamba ilikuwa imebaki ya nauli na mbuzi mmoja wa sikukuu.

Alifika Kilema barabara imejaa magari ya watu wa Dar. Mzee Eliamini alikuja baada ya misa, akakaa, akala, hakupandisha sauti.

"Mama atakaa mpaka sikukuu ziishe," alisema. "Zaidi ya hapo, Silva, tuliandikiana."

Theopista hakulia. Aliosha vyombo vya mgeni kama kawaida, na hilo lilimtesa mwanawe kuliko matusi. Jioni Sylvanus akatoka, akachuma jani la isale kwenye ua wa mpakani, karibu na kaburi la baba. Kwa Wachagga, anayekuletea isale anaomba msamaha, na humkatalii, hata kama amekuua moyo. Lilikuwa tumaini lake la mwisho. Akapiga magoti jikoni, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nimekumaliza."

Mama alilitazama jani bila kulipokea.

"Umelichuma wapi, baba?"

"Hapo mpakani kwetu."

"Ulimwomba mwenye shamba?"

Sylvanus akainuka, akashika njia ya kwa Eliamini, kwenda kuomba jani moja la kihamba cha baba yake.