Abiria wa Kumi Kwenye Orodha

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa mezani mchoro wa jengo la ghorofa sita, vyumba vimebanana kama masega ya nyuki, nikaulizwa kama ninajua kinachoonyeshwa. Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni hoteli. Karani Mkuu wa ofisi ile ya Mwanza alikuwa na desturi ya kuvua miwani kabla ya kumkaripia mtu. Akavua miwani.

"Binti, umeona wapi hoteli yenye nanga?"

Mimi ni mzaliwa wa Misigiri, mkoani Singida. Maji mengi niliyokuwa nimewahi kuyaona ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na maji ya chumvi ya ziwa lile la Singida mjini, ambalo hakuna anayelisafiria kwenda popote. Kwamba watu wanaweza kupanda nyumba yenye ngazi, jiko na vyoo, wakalala humo ikiwa inatembea juu ya maji, lilikuwa jambo ambalo akili yangu ililikataa kwa wiki nzima.

Kazi niliyoajiriwa iliitwa upangaji wa nafasi. Vijana wa leo mnaona simu ikimpangia mtu chumba mnadhani ni kitu cha kubonyeza tu. Sisi tulipanga kwa penseli na kifutio. Chumba cha melini huitwa kabini, na ghorofa ya meli huitwa sitaha. Kabini ya ndani haina dirisha. Ya nje ina dirisha la duara lisilofunguka. Ya bei kubwa ina kibaraza cha kukaa ukitazama maji. Nilipomuuliza Karani Mkuu ni nani anayekubali kulala chumba kisicho na dirisha, alinijibu bila kuinua kichwa: "Vijana. Hata nyumbani kwao hawafungui pazia mpaka saa sita."

Kutoka Mwanza nilihamishiwa Dar es Salaam, ambako ndiko nilikojifunza meli kubwa za matembezi, zile ambazo mtu hapandi ili afike mahali bali apande tu, azunguke, arudi alikotoka. Hilo nalo lilinishangaza, na mpaka leo sijalimaliza kulishangaa. Msimamizi wangu wa pale, aliyekuwa na cheo cha Mkuu wa Nafasi, alinifundisha kwamba mtihani mgumu kuliko yote ni familia yenye vijana walioandamana na marafiki zao. Wazazi wanataka watoto wawe karibu. Watoto wanataka wazazi wawe sitaha nyingine. Marafiki wana wazazi wao ambao hawapo safarini. Na kampuni za meli nyingi zinadai kila kabini iandikishwe mtu mzima mmoja.

"Usipange vyumba kabla hujajua nani ni nani kwa nani," aliniambia. "Likitokea la kutokea, kengele ikilia, kila kabini ina mahali pake pa kukusanyikia. Ukiandika uongo kwenye orodha, mtoto atatafutwa mahali ambapo hayupo."

Maneno hayo niliyachukua kama utaratibu wa kazi tu. Nilirudi nayo Singida nilipopewa usimamizi wa tawi letu dogo mjini, nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Tuliuza zaidi tiketi za mabasi na ndege. Meli ilikuja mara moja kwa mwaka, pengine isije kabisa.

Ndipo alipoingia ofisini mama nitakayemwita Mama Glory. Majina yote nimeyabadilisha. Mumewe alikuwa na mashine ya kukamua alizeti na mji mzima ulimfahamu. Walitaka kusafiri kwa meli itakayoanzia Durban, watu kumi: yeye na mumewe, bibi mzaa baba, binti yao Glory wa miaka kumi na sita, mdogo wake Brayan, kitinda mimba Junior wa miaka mitatu, marafiki wawili wa Brayan, na marafiki wawili wa Glory. Wa kwanza aliitwa Neema. Wa pili aliitwa Tatu.

Siku hiyo wasichana wote watatu walikuwapo. Glory na Neema waliketi. Tatu alibaki amesimama, Junior kiunoni, mkoba wa Mama Glory mkononi. Aliponiamkia shikamoo alipiga goti kidogo, kama tulivyolelewa kule kwetu. Nikamjibu marahaba, kisha nikamuuliza kwa Kinyiramba, lugha ya kwetu, yeye ni wa wapi. Uso wake ukachanua. Akanijibu kwa Kinyiramba kwamba kwao ni upande wa Nduguti, na mama yake analima vitunguu.

Tukaanza kupanga. Nilipendekeza kabini mbili zilizounganishwa kwa mlango wa ndani, ambazo kampuni huzihesabu kama moja: bibi na Junior upande huu, wasichana watatu upande ule.

"Hapana," akasema Mama Glory. "Tatu alale na bibi na Junior. Pana kochi la kukunjua, si ndiyo?"

"Mama!" Glory akaruka. "Tatu analala na sisi. Ni rafiki yangu. Nimeshamwahidi kitanda cha dirishani."

"Na Junior akiamka usiku ataamka nani? Wewe?"

Nilishika penseli hewani. Hapo ndipo nilipoelewa yule rafiki wa pili alikuwa nani katika nyumba ile, na nikaona aibu kwa kuchelewa kuelewa. Lakini wasichana wa kazi husafiri na matajiri wao kila siku, si kosa. Nikaandika kama nilivyoambiwa. Nikamweleza Mama Glory kwamba kwa kila mtoto asiye wake nitahitaji barua ya ridhaa ya mzazi, iliyothibitishwa na wakili. Bila barua hiyo hakuna pasipoti wala kabini.

Barua za wengine zilifika upesi. Ya Tatu aliileta Tatu mwenyewe, ndani ya bahasha isiyofungwa. Aliiweka mezani kwa mikono miwili akaondoka kabla sijamkaribisha kiti.

Nilisoma mstari wa kwanza, nikarudi kuusoma tena. Ilikuwa hati ya kiapo. Ilieleza kwamba mtoto huyu ni yatima, baba na mama wote ni marehemu, na mlezi wake halali ni Mama Glory.

Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu msichana yule aniambie mama yake analima vitunguu. Alisema analima, hakusema alikuwa analima. Katika lugha yetu vitu hivyo viwili havichanganyiki hata mdomoni mwa mtoto mdogo.

Nilimpigia simu Meneja wa Kanda. Alikuwa mtu wa heshima, mwepesi wa kucheka, lakini siku ile hakucheka.

"Bi Msengi, wakili amegonga muhuri?"

"Amegonga."

"Basi. Sisi tunapanga vitanda. Mambo ya nyumbani kwa mteja si vitanda."

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi kwenda Nduguti. Nilijiambia kwamba nikikuta kaburi, nitaomba dua na kurudi kuendelea na kazi yangu. Kwa kuulizauliza kuanzia kwenye ofisi mpya za serikali hadi mashambani, nilimpata mwanamke mwembamba ameinama kwenye matuta ya vitunguu, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama," akaniamkia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mama yake Tatu?"

Akatupa jembe chini. "Amefanya nini? Amefukuzwa shule?"

Shule! Nikamuuliza ni shule gani. Akaniambia mwanawe alifaulu darasa la saba, na mama mmoja mwenye uwezo, wa mjini, akamchukua akae kwake asome sekondari. Ni mwaka wa pili sasa. Kila akipiga simu anaambiwa mtoto yuko darasani.

Sikujua nianzie wapi, nikaitoa nakala ya hati. Alikuwa anajua kusoma. Alifuata mistari kwa kidole chenye udongo, taratibu, midomo ikicheza. Kidole kikasimama.

"Marehemu," akasoma. Akaniangalia. "Mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Baba yake ni kweli, alifariki. Lakini mimi?" Akajishika mkono wake mwenyewe, akaubinya. "Mama, mimi nimekufa lini?"

Nimepokea mengi katika kazi ile: abiria waliozimia, harusi zilizovunjika siku ya safari, mzee aliyekata tiketi ya kwenda tu. Hakuna lililonitikisa kama swali lile, kwa sababu aliliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujua.

Hakurudi nyumbani hata kubadili nguo. Alinawa miguu, akavaa viatu, tukapanda basi pamoja kurudi Singida.

Geti la nyumba ya Mama Glory lilifunguliwa na Tatu, Junior mgongoni. Alipomwona mama yake hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye changarawe, na mtoto mgongoni.

"Shule iko wapi?" mama yake akamuuliza.

Tatu akainamisha kichwa.

Mama Glory alitoka barazani akitabasamu, akidhani ni mgeni wangu. "Karibuni, karibuni. Shikamoo Bi Msengi. Na huyu ni nani?"

"Mimi ndiye yule marehemu," akasema yule mama.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mumewe alitoka, Glory akatoka nyuma yake. Hati ikapita mkono kwa mkono. Mume aliisoma hadi kwenye muhuri. Nina hakika ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

"Nilitaka naye aone dunia," Mama Glory akajitetea. "Ningemwacha? Kwenda hadi huko shambani, kumtafuta mtu, kumleta kwa wakili, safari imekaribia... Wakili mwenyewe ndiye aliyesema yatima ni rahisi zaidi."

"Rahisi," mume akarudia.

"Mama, umemuua mama yake Tatu kwa sababu ya usumbufu wa basi?" Glory alisema hivyo, kisha akalia kwa sauti, akaenda kukaa chini kwenye changarawe karibu na Tatu.

Mama yake Tatu hakutukana. Alimfungua Junior kutoka mgongoni mwa mwanawe, akamkabidhi bibi aliyekuwa mlangoni, akasema, "Chukua nguo zako." Usiku ule walilala kwangu. Asubuhi niliwapandisha basi.

Familia ilisafiri watu tisa. Nilizipanga kabini upya mwenyewe, kwa haki, bila kinyongo, na Glory akapata kitanda cha dirishani ambacho niliambiwa baadaye hakukilalia. Alilala na bibi yake ili amsaidie Junior. Baba yake Glory alienda mwenyewe Nduguti kuomba radhi kwa wazee. Mimi Meneja wa Kanda aliniita, akaniambia kwamba nimefanya jambo jema kwa njia isiyo ya kikazi. Meza ya meli ikahamishiwa tawi jingine. Nilimalizia utumishi wangu nikikata tiketi za mabasi, na siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani na maneno mazuri.

Ningeishia hapo, nikajivuna kidogo kama wastaafu tunavyopenda. Lakini mwaka jana Tatu alikuja kunisalimia Misigiri. Siku hizi anasoma kwenye kituo cha wale waliokosa sekondari, na jioni anamsaidia mama yake vitunguu. Tulikaa jikoni tukichambua mboga ya mlenda, akaniambia ghafla:

"Mama, ile barua niliisoma njiani."

Mikono yangu ikasimama. "Ukajua imeandikwa mama yako amekufa?"

"Nilijua. Ndiyo maana niliondoka haraka, usije ukaniuliza."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemhesabu kuwa yeye ndiye aliyedanganywa. Kumbe alikuwa amekubali kumzika mama yake kwa mstari mmoja, akanyamaza. Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akasema alimwambia mwenyewe, wakipalilia. Mama aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta, kisha akamwambia asogeze ndoo. Hawajalizungumza tena. Na ni yeye Tatu aliyeniambia, "Ukiandika, andika na hili."

Nimewaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mnaopanga vyumba kwa simu inayouliza tu watu wazima wangapi, watoto wangapi. Mkuu wa Nafasi alinifundisha nijue nani ni nani kwa nani, nami nilidhani nimehitimu. Nilimuuliza Mama Glory anavyotaka, nikamuuliza Glory, nikasafiri hadi Nduguti kumuuliza mama mtu. Abiria wa kumi nilimuuliza kwao ni wapi, basi. Hata nilipomwokoa sikumuuliza kama anataka kuokolewa.

Siku ile jikoni, nimechelewa vile, nilimuuliza. "Tatu, ulitaka nini hasa kule melini? Bahari?"

Alicheka, akatikisa kichwa.

"Glory alisema kule kwenye kitanda cha dirishani, mtu analala mpaka jua limpige usoni," akasema. "Nilitaka kulala hivyo. Hata siku moja tu."