Vigingi vya Muvumu

Majina ya watu siyaandiki humu. Nayakumbuka yote, ya walio hai na ya waliolala, hata ya watoto ambao hawakufikisha mwezi, lakini wengine bado tunakutana kisimani na sitaki maneno. Ya ndege, ya miti na ya mahali nitayaandika, maana hao hawatakwenda kunishtaki kwa mwenyekiti.

Kwetu ni huku juu, kati ya Kasulu na Kibondo, ambako ukitoka nje ya nyumba ama unapanda ama unashuka. Chini ya mlima wetu kuna bonde lenye maji mwaka mzima. Ukilitazama kutoka barabarani utasema ni majani tu. Bwana ardhi alipokuja mara ya kwanza alisimama hapo hapo barabarani, akaandika kwenye karatasi zake kwamba ni eneo la wazi lisilotumika. Karatasi ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, mjukuu wangu akanisomea. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, maneno yakawa yale yale.

Lisilotumika. Na mimi niliyelala juu ya kirago cha mafunjo ya bonde hilo tangu ubibi harusi mpaka leo meno yamekwisha, nilikuwa nimelala juu ya nini?

Karatasi ilisema pia kwamba bonde litagawanywa viwanja vya kilimo cha kiangazi, kila kaya yenye kuomba ipewe chake. Vitunguu, nyanya, maharage. Maji yatachimbiwa mifereji yatoke. Hapo ndipo moyo wangu ulipokataa, na haujakubali mpaka sasa.

Nilifika huku nikiwa msichana, tukitokea Burundi kwa miguu, tukapita milimani upande wa Munanila. Nilikuwa na kifurushi kimoja kichwani. Lugha haikunisumbua, Kiha na Kirundi vinasikilizana, lakini hapakuwa na kilima hata kimoja ambacho ningeweza kukitaja. Nilipoolewa na mtu wa hapa, mama yake ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa mfupi, sauti yake ya chini, na wala hakunifundisha kupika, alisema hayo nitajua kwa kuunguza. Alinifundisha majina. Asubuhi ananiambia niende Mgongo wa Ng'ombe nikachimbe udongo mweupe, au niende Alipozama Dume nikamletee majani ya dawa ya kifua. Nikikosea njia ananirudisha. Hanigombezi, ananirudisha tu, hata mara tatu, na jua linapanda.

Ndivyo nilivyolijua bonde. Jicho ni pale maji yanapotokea chini ya mwamba. Pa Kulowekea ni pale tunapolaza mafunjo yalainike. Alipozama Dume ni tope ambalo fahali wa babu mmoja aliingia na hakutoka, na mpaka leo ng'ombe wakifika hapo wanazunguka wenyewe. Nilimjua fisi maji kwa magamba ya kaa anayoyaacha juu ya jiwe. Nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu kama vidole, nimemwona mara mbili tu maishani mwangu, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeniona kwanza. Ndege kwarara ndiye anayetuamsha, kwa kelele zake za mtu aliyeibiwa.

Na katikati, kwenye mafunjo marefu, kuna musambi. Wengine wanamwita korongo mwenye taji, kwa ajili ya zile nyuzi za dhahabu kichwani. Musambi huenda wawili wawili. Wakicheza wanafungua mbawa, wanaruka, wanainamiana, na sisi wanawake tukicheza harusini tunainua mikono hivyo hivyo, kwa sababu waliotutangulia walijifunza kwao.

Bonde lile lina mlango wake. Hakuna mwanamke anayekata mafunjo mpaka lifunguliwe, na anayefungua ni mama mmoja aliyekabidhiwa na mwenzake. Mvua zikishaisha anaingia peke yake asubuhi, anapiga makofi taratibu akielekea kwenye mafunjo marefu. Musambi akiruka juu akabaki anazunguka na kulia, basi ana mayai, mama anatoka na wote tunasubiri. Musambi akitembea akiwa na vifaranga nyuma yake, mama anakata fungu moja, bonde limefunguliwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikata kabla, nilikuwa na haraka ya kirago kipya. Mama mkwe alinirudisha na mzigo wangu mpaka bondeni, akanikalisha kwenye nyasi, nikamtazama musambi akizunguka juu ya mahali nilipokanyaga. Tulikaa mpaka mchana. Alipozeeka alinikabidhi mimi kufungua, mimi mwenye kifurushi.

Jambo jingine alilonifundisha ni muvumu. Ni mti wa jamii ya mkuyu, una utomvu mweupe kama maziwa, na ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini litaota, hata ukilichomeka kichwa chini. Huku kwetu muvumu uliochomekwa ukaota ni mtu. Unachomekwa kichwani pa aliyezikwa, au mahali palipokuwa na nyumba. Jembe likifika kwenye kivuli chake linageuka. Hata sisi tunaokwenda kanisani, hata wenzetu wa msikitini waliozaliwa huku, sijamwona aliyelima chini ya muvumu. Wangu nilichomeka nyuma ya jiko, mstari mzima, ukawa ua wa kuzuia mbuzi, nami nalima mbali na kivuli chake, na kwenye kona upo wa mume wangu na wa mama yake.

Sasa turudi kwenye mkutano wa kijiji. Nilikwenda na fimbo yangu, nikakaa mbele. Walipouliza kama kuna mwenye neno nikasimama, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, kwamba bonde lina kazi na lina wenyewe, na likikaushwa Jicho nalo litakauka, tutachota maji wapi. Nikaanza kutaja majina ya mahali, moja baada ya jingine. Nilikuwa sijafika katikati jirani yangu mmoja, mwanamume ambaye shamba lake limepakana na langu, akanikata.

"Bibi, wewe ulikuja hapa na kifurushi kichwani. Leo ndiye wa kutuonyesha mipaka ya kwetu?"

Watu wakacheka, wengine wakatazama chini. Si mara ya kwanza kuambiwa hivyo, na kitambulisho cha Mtanzania ninacho, nimekifunga kwenye pindo la kanga yangu ya Jumapili. Lakini sikukitoa.

"Nilikuja na kifurushi, ndiyo," nikamwambia. "Wewe ulikuja bila hata nguo. Najua, mimi ndiye niliyekupokea. Na kirago ulichoangukia kilitoka bonde hilo unalotaka kulipanda vitunguu."

Hapo walicheka zaidi, na yeye akakaa. Mwenyekiti akapiga meza. Akasema kwamba bibi tumemsikia, bibi tunamheshimu, lakini majina si hati.

Nikamwambia, "Basi yaandike yawe hati."

Akafunga daftari. Wakakubaliana kupiga vigingi Alhamisi.

Mwanangu wa tatu alikuwa amekaa upande wa wajumbe wa kamati ya kugawa viwanja. Jioni alikuja kunisalimia, akakaa kwenye kigoda, nikampa ugali wa muhogo na maharage, akala kidogo. Sitaki mumdhanie vibaya. Ana watoto watano, na shamba lake la juu limechoka, mahindi yanatoka membamba kama vidole vyangu. Aliniambia hivyo hivyo, taratibu, kwamba kiwanja kimoja tu cha bondeni kingempa mboga kiangazi kizima. Nikamuuliza, na musambi je?

"Musambi ana mbawa, mama. Atahamia kwingine."

"Hata mimi nilihama," nikamwambia. "Niulize ilikuwaje."

Alinawa mikono, akaaga.

Alhamisi walikuja. Bwana ardhi na simu yake ya kupimia, mwenyekiti, na wanaume wa pale senta, kwenye maduka, wenye mapanga na kamba. Vigingi walikuwa wamekata vya mkaratusi, wakavilaza kando ya barabara tangu juzi yake, na unajua kuni za kando ya barabara. Vilikuwa vimebaki vya kuhesabu kwa mkono mmoja. Sikuvichukua mimi, ingawa wapo waliosema. Nyumba yangu ndiyo ya karibu na bonde, kwa hiyo walinijia mimi, bwana ardhi na wale wa senta; mwenyekiti na mwanangu walikuwa wametangulia bondeni. Wakaniamkia vizuri. Wakauliza kama nina miti ya kukata vigingi.

Naapa sikuwa nimepanga chochote. Lakini walisimama nyuma ya jiko langu wakiutazama ua wangu wa muvumu, mstari mzima, umenyooka, na hakuna hata mmoja aliyeujua. Bwana ardhi ametoka mbali, simlaumu. Hawa wengine wamekulia nyuma ya maduka, miti wanaijua kwa mkaa wake. Nilisubiri mmoja wao aseme jina. Nikahesabu moyoni kama ninavyowasubiri watoto wa shule ya Jumapili wajibu.

Hakuna aliyesema.

"Kateni, wanangu," nikasema. "Ila ile miwili ya kona mniachie."

Walikata, wakanishukuru, wakachukua ua wote. Nikateremka nao na fimbo yangu, nikakaa kwenye mwamba wa Jicho kuangalia. Mwanangu ndiye aliyekuwa anashika kamba na kugongelea. Kigingi cha kwanza alikipokea bila kukitazama. Cha pili kikamnata mkononi. Akageuza kiganja, akauona ule utomvu. Akakitazama kile kigingi kilivyochongwa, akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata pale juu ya mwamba. Alilelewa nyumba moja na bibi yake, yule aliyenifundisha mimi, kwa hiyo haikuwepo haja ya kumweleza. Mwenyekiti alikuwa kando anaongea na simu. Bwana ardhi akauliza, "Vipi, kamba imelegea?"

"Haijalegea," mwanangu akasema, akainua nyundo, akakigongelea mpaka kikashika.

Akagongelea vyote. Kuzunguka bonde, na katikati kwenye vijia vikavu, kila kona ya kila kiwanja.

Kisha mvua zikaja, na viwanja vikabaki kungoja kiangazi. Sikwenda bondeni miezi hiyo, magoti yangu hayapendi utelezi. Mbuzi waliingia shambani kwangu kila siku, maana ua haukuwepo tena, wakala muhogo wangu mpaka majani ya chini. Nilikuwa nimelipa, tuseme hivyo.

Mvua zilipokatika watu waliopewa viwanja wakateremka na majembe. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, yule wa kifurushi. Nilikuwa nateka maji. Alifika kwenye kona ya kiwanja chake akasimama. Kigingi chake kilikuwa na matawi matatu na majani mapana, kimemfika kifuani. Akatazama cha pili, cha tatu. Bonde zima lilikuwa limezungukwa na miti michanga ya muvumu, imesimama kama watu waliokuja msibani.

Akaweka jembe chini. "Bibi, nani wamezikwa hapa?"

"Sijui," nikamwambia. "Vigingi ni vyenu."

"Hii ni muvumu."

"Kumbe unaijua. Siku ile ungekuwepo ungewaambia."

Aliliokota jembe lake. Kisha akaondoka, na jembe akalibeba begani upande wa pili, mbali na miti. Waliokuja nyuma yake walifanya hivyo hivyo. Mwenyekiti aliita watu waing'oe, na hakutokea wa kung'oa, hata yeye hakugusa, alisema ana mgongo. Bwana ardhi ndiye aliyeng'oa mmoja kwa mikono yake. Kesho yake nikaukuta umechomekwa tena pale pale, na sikuwa mimi.

Mwenyekiti alikuja mpaka kwangu. Akasema nimewachezea. Akasema vitaletwa vigingi vya zege. Nikamkaribisha kiti.

"Mliniomba vigingi, nikawapa ua wangu wote," nikasema. "Vya zege mkivileta mtavichomeka katikati ya muvumu. Atakayelima hapo mje naye mnionyeshe uso wake."

Akanywa maji, akaenda. Zege bado. Ikija nitakuwepo, na nisipokuwepo wapo niliowatajia majina yote wakayashika, nao hawana magoti mabaya.

Wiki iliyofuata nilifungua bonde. Niliingia peke yangu asubuhi, nikipiga makofi. Musambi wawili walitoka kwenye mafunjo wakitembea, na vifaranga viwili vya rangi ya majani makavu nyuma yao. Nikakata fungu langu, nikaliinua wanawake waone.

Mwanangu alikuwa amesimama kwenye Jicho. Mafunjo si kazi ya wanaume, lakini alinipokea mzigo akauweka kichwani kwake, tukapanda. Tulipofika karibu na nyumba akapunguza mwendo.

"Mikono ilininata siku mbili, mama," akasema.

"Nilijua," nikamjibu. Nikampa kipande changu cha nyuma ya jiko, kinachopata maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Ni kidogo, si bonde. Ameweka vitunguu, nje ya kivuli cha ile miwili ya kona.

Tumechomeka ua mpya, ila haujafunga. Mbuzi wa mwenyekiti ndio wanaoingia zaidi. Nimeshawapa majina wote saba, na nikiwafukuza nawaita mmoja mmoja kwa sauti, ili kule kwa mwenyekiti wasikie.