Kompyuta Iliyogawa Mafuriko Kama Kava

Saa mbili kamili asubuhi. Mvua inalipiga bati la ofisi ya tahadhari ya mafuriko ya Waisere kiasi kwamba asiyepaza sauti hasikiki. Vasemaca Nadruku, fundi kompyuta mwenye miaka 34, amebonyeza kitufe na sasa anaitazama saa ya ukutani. Chai yake hajaigusa.

"Mtani, mashine yenu imeamka au bado inakunywa kava?" anauliza binamu yake, Semesa Rokotui, mtangazaji wa redio ya bonde hili, ambako kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, hunywewa kwa duara.

"Funga domo hilo! Leo utanikoma."

Semesa ana haki yake. Kwa binamu wa utani kama yeye, siku asipokutania ndiyo siku ya kuuliza amekasirikia nini. Lakini leo hata yeye kicheko chake ni kifupi.

Kwa miaka sita kompyuta hiyo ilitumia dakika 53 kukadiria maji ya mto yatafika wapi na saa ngapi. Februari mwaka jana ilimaliza wakati maji yameshaingia Nasere, kijiji cha mama yake Vasemaca, Bi Mereoni, mwenye miaka 71.

"Nilimkuta amesimama juu ya meza, amemkumbatia kuku," anasema Vasemaca. "Maji yalikuwa usawa wa meza. Nililia, jamani, nililia mpaka mama ndiye akawa ananibembeleza mimi."

Mashine mpya ilikuwa ndoto. Kwa mshahara wake wa dola 600 kila wiki mbili asingeweza kuinunua, na ofisi nayo ilikuwa hoi. Wakaongeza kumbukumbu kuu ya kompyuta wakidhani ndiyo dawa. Muda ukashuka hadi dakika 52.

"Dakika moja!" anasema Vasemaca. "Hata chai haipoi kwa dakika moja."

Ndipo alipoamua kuifungua programu yenyewe. Iliandikwa na mjomba wake, Mzee Ilaitia Qalobula, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mzee aliligawa bonde zima katika mamilioni ya viraba vidogo vya ardhi, na namba za viraba hivyo zimepangwa ndani ya kumbukumbu kwa ujirani, kiraba kando ya kiraba.

Shida ilikuwa kwenye zamu. Programu ilihesabu kiraba kimoja cha kila shamba la kijiji chenye heshima kuliko vyote, kisha kimoja cha kila shamba la kijiji kinachofuata, hivyo hivyo hadi cha kumi na moja, Nasere, ndipo irudi juu kuanza upya. Ni mzunguko wa kikombe cha kava: anaanza mkuu, na hakuna anayeonja cha pili kabla duara halijaisha.

"Mjomba hakutaka kijiji chochote kidharauliwe, hata na mashine," anasema Vasemaca, na mtu anashindwa kujua acheke au avue kofia.

Prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu, haijui heshima hizo. Pembeni yake kuna kumbukumbu ndogo, ya haraka kupita kiasi, inayoitwa kache. Prosesa ikiomba namba moja kutoka kumbukumbu kuu, kache huletewa pamoja nayo namba za majirani zake, maana huenda zikahitajika punde. Programu ya Mzee ilichukua namba moja ikaruka shamba lingine. Zamu iliporudi, baada ya maelfu ya mashamba, wale majirani walikuwa wameshaondolewa kupisha wengine, na safari ya mbali ikaanza upya.

"Chukua mpishi mwenye kibakuli cha chumvi mezani," anaeleza. "Sasa yeye kila akitaka chembe moja anavuka barabara kwenda dukani. Kuongeza kumbukumbu kuu ni kulipanua duka. Mpishi bado anavuka barabara."

Kujua kosa ilikuwa kazi nyepesi. Kumwambia mjomba ndiyo iliyomkosesha usingizi. Alifunga mizizi ya kava kama desturi inavyotaka, akaenda, akaketi mkekani na kuiweka mbele ya mjomba.

"Kwa hiyo nimekosea miaka sita," alisema Mzee baada ya kusikiliza.

"Hesabu zako zote ni sahihi, mjomba. Ni mwendo tu."

"Na dada yangu akapanda mezani kwa ajili ya mwendo wangu."

Vasemaca alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee akaivuta ile mizizi kwake, ishara kwamba ameipokea. "Badilisha, mwanangu. Ila majina ya vijiji yasomwe redioni kwa mpangilio wa heshima."

Ndivyo ilivyofanyika. Sasa viraba vinahesabiwa kwa ujirani, na vijiji hupangwa kwa heshima mwishoni, kwenye karatasi ya tangazo. Kwenye majaribio, kwa mashine ileile, kazi iliisha kwa dakika sita. Lakini majaribio si mvua, na mvua ya kweli ya kwanza ni hii ya leo.

Saa mbili na dakika sita, namba zinajaa kwenye kioo. Maji yatafika Nasere saa tatu kasorobo. Semesa anainyakua karatasi na kukimbilia redioni bila utani wowote.

Wakati wa kusubiri, Vasemaca anamweleza mwandishi wa makala haya mipango yake. Anataka kupeleka marekebisho haya bonde la jirani kabla ya msimu wa vimbunga, na Mzee Ilaitia ameshakubali kwenda naye. "Anasema kosa lake atalifundisha mwenyewe."

Saa mbili na nusu simu inaita. Ni Bi Mereoni, yuko kanisani kule kilimani, na hasira zake zinasikika hadi upande wa pili wa meza.

"Wewe Vase! Umetukimbiza na mvua yote hii, kuku wangu ameloa, nimeacha mihogo jikoni. Tumekaa hapa tunatazama mto. Haya, hayo maji yako wapi?"

Vasemaca anafuta macho kwa kiganja.

"Yanakuja, mama," anasema. "Endelea kunigombeza."