Jumamosi za Kuonja Bia na Shemeji

Dada yangu alifariki mvua za masika zikikawia kuja, na mimi sikulia. Nilisimama kando ya kaburi huko Machakos nikiwa nimevaa koti nililoazima kwa mwenzangu wa ofisini, na jambo lililonishughulisha lilikuwa mikono ya lile koti, kwamba ni mifupi. Mama alilia. Watu wa kanisa waliimba. Shemeji yangu, mume wa marehemu, alikuwa upande wa pili wa shimo na kilemba chake cheupe, akashika udongo mkononi muda mrefu kabla ya kuurusha.

Shemeji alikuwa Kalasinga, mzaliwa wa Ngara. Kwao maiti huchomwa, na sisi tulikuwa tumejiandaa kwa mvutano. Wajomba walikuwa hata wamechagua nani atasema nini. Haukuwapo mvutano wowote. Alikuja sebuleni kwa mama, akavua viatu, akasema, "Mama akitaka alale hapa nyumbani, basi alale hapa." Kisha akaomba maji ya kunywa. Wajomba walikaa na hotuba zao.

Nikarudi kazini. Nilikuwa na dawati katika ofisi ya bima katikati ya mji, karibu na dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Madai yalikuja, niliyasoma, niliyapitisha au niliyarudisha. Jioni nilipanda matatu kwenda kwangu Kileleshwa, nikapasha chakula moto, nikala. Chakula hakikuwa na ladha. Nilidhani ni chumvi, nikaongeza. Halafu nikadhani ni mafua, nikameza dawa za mafua. Baadaye niliacha kutafuta sababu, nikawa nakula kwa sababu saa ya kula imefika.

Ulikuwa umepita muda kidogo shemeji aliponipigia simu.

"Shem, sasa. Jumamosi uko na kazi?"

"Sina."

"Basi twende nikuonyeshe kitu. Kuna watu Ngong Road wanapika bia yao wenyewe. Hizo tangi zote nimetengeneza mimi."

Alikuwa na karakana Industrial Area, akiunganisha matangi ya chuma kisichoshika kutu kwa viwanda vya maziwa na majiko ya mahoteli. Siku hizo hata wazo la kiwanda cha bia kinachoingia ndani ya baa lilikuwa geni. Bia tuliyoijua ilitoka katika kiwanda kikubwa, ndani ya chupa ya kahawia, na swali pekee la mhudumu lilikuwa kama unaitaka baridi au ya moto, yaani ile ambayo haijapita kwenye friji.

Tulikutana Dagoretti Corner, akanichukua kwa pikapu yake. Baa yenyewe ilikuwa na ukuta mmoja wa kioo, na nyuma ya kioo matangi yalisimama yaking'aa kama sufuria za harusi. Shemeji hakukaa. Alienda moja kwa moja kwenye kioo, akainama, akaangalia mshono wa chini wa tangi la mwisho. Mpishi wa bia, mtu mnene mchangamfu aliyesomea kazi hiyo Ujerumani, alitoka kutusalimia, akaanza kutueleza: shayiri huloweshwa hadi iote, ikaushwe, iwe kimea, kimea kichemshwe, yatiwe maua machungu ya hopsi, kisha hamira ifanye kazi yake kimyakimya gizani. Alisema neno "kimyakimya" akishusha sauti, kama anayezungumza karibu na mtoto aliyelala.

Tuliletewa ubao wenye glasi ndogo: moja ya rangi ya dhahabu, moja ya shaba, moja ya ngano yenye ukungu, na moja nyeusi. Shemeji alionja kila moja, akafumba macho.

"Hii ya shaba iko na sukari guru kidogo. Unaisikia?"

"Naisikia."

"Na hii ya ngano, kama ndizi. Ndizi iliyoiva sana."

"Ndizi," nikasema.

Sikusikia ndizi. Nilisikia ubaridi, na povu, na kitu kinachoteremka kooni. Aliponiuliza ni ipi nimeipenda, nilionyesha nyeusi kwa sababu ilikuwa karibu na mkono wangu.

"Wewe ni mtu ya nyeusi," akasema kwa furaha, kama amegundua jambo juu yangu baada ya miaka yote hiyo. "Mimi ya shaba."

Basi ikawa hivyo. Jumamosi nyingi baada ya hapo tulikuwa tunatoka. Watu wachache walikuwa wameanza kujaribu, na shemeji aliwajua karibu wote kwa sababu kila mmoja wao alihitaji matangi. Tulienda Westlands, ambako kulikuwa na baa juu ya maduka, na bia yao ya dhahabu shemeji aliiona nyepesi, "kama imeoshwa." Tulienda Kitisuru kwa mzee mmoja daktari wa mifugo aliyestaafu, rafiki wa marehemu baba yake, aliyekuwa anapika bia ndani ya gereji kwa ajili ya kujifurahisha tu. Mzee alikuwa ametia maganda ya machungwa katika bia yake. Mkewe alituletea sambusa, akakaa mlangoni kwenye kiti cha kukunja akitutazama tukionja, na mzee kila mara akigeuka kumwuliza, "Si ndiyo?" naye akajibu, "Ndiyo," bila kujua anaulizwa nini. Shemeji alisifu maganda ya machungwa. Mimi nilisifu maganda ya machungwa.

Njiani kurudi tulilinganisha. Ya Kitisuru na ya Ngong Road, ipi ina mwili, yaani uzito mdomoni? Ya Westlands ingekuwaje kama wangepunguza maji? Tulizungumza hivyo pikapu ikiteremka kati ya uzio wa michongoma, na sikumbuki hata siku moja tukimtaja dada yangu. Hakuna aliyekataza. Kulikuwa daima na bia nyingine ya kuijadili.

Siku moja nilisema ni zamu yangu kuchagua. Nilimpeleka kwa mama mdogo, mdogo wake mama yetu, anayekaa nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, na ambaye hupika karubu kila kunapokuwa na shughuli ya ukoo. Karubu ni pombe ya asali. Huchachushwa kwa tunda la mti fulani wa nyumbani, tunda refu kama mkono wa mtu, ambalo hukaushwa na kutumiwa mwaka baada ya mwaka. Shughuli haikuwapo. Nilikuwa nimemwomba tu apike, naye hakuuliza kwa nini.

Alitumiminia kwenye vibuyu. Shemeji akanusa, akaonja, akafumba macho kama kawaida yake.

"Mama, hii iko na moshi. Na kitu kama... embe kavu?"

Mama mdogo alimwangalia muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "unalala?"

"Nalala, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Sijambo, mama mdogo."

"Sikukuuliza kama hujambo."

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akatupakulia, akakaa hadi tulipomaliza. Ndani ya gari shemeji alisema karubu ni bora kuliko zote tulizowahi kuonja. Nikakubali. Sikuwa na sababu ya kukataa.

Kisha mvua zikakosa kabisa, mabwawa ya umeme yakapungua maji, na mji ukaingia katika mgao wa stima. Mtaa mmoja ulikatiwa leo, mwingine kesho. Jumamosi moja tulikuwa tumerudi Westlands, mchana, kwa sababu shemeji alisikia wamebadilisha mapishi ya bia ya dhahabu. Tulikuta giza la mchana: taa hakuna, feni hazizunguki, na jenereta imeharibika. Mhudumu aliomba radhi. Bia ipo, alisema, lakini ni ya moto.

"Leta tu," shemeji akasema.

Aliionja. Hakufumba macho. Aliweka glasi mezani, akaizungusha kidogo juu ya alama ya maji, akaitazama.

"Yeye angeifurahia," akasema.

Dada yangu hakuwahi kunywa bia baridi. Katika kila baa aliyowahi kuingia alisema "ya moto" kabla mhudumu hajauliza, na watu walimcheka, naye hakujali. Nilikuwa nimesahau. Au sikuwa nimesahau, ila jambo hilo lilikuwa limekaa mahali ambapo sikuwa nikifika.

"Angeifurahia," nikasema.

Shemeji alisukuma glasi kando. Barabarani magari yalikuwa yakipiga honi kwa sababu taa za makutano nazo zilikuwa zimezimika.

"Shem, wacha nikuambie kitu moja. Usinikasirikie."

"Sema."

"Mimi sisikii kitu."

Nilidhani anazungumzia kelele za nje.

"Kwa ulimi," akasema. "Tangu azikwe. Sisikii tamu, sisikii chungu. Ile ndizi, ile sukari guru, yule mpishi ndiye aliniambia nikifunga tangi, kabla nikulete. Maganda ya machungwa niliyaona yakielea. Kwa mama mdogo niliona moshi jikoni, nikasema moshi."

"Na embe?"

"Embe nilitunga."

Nilimwangalia. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi ambazo sikuwa nimeziona zikianza.

"Mbona ulikuwa unanileta?"

"Nilifikiri wewe unasikia. Kila mara unasema ndiyo, naisikia. Nikasema, sawa, angalau mmoja wetu. Nitamleta mpaka na mimi nianze."

Ningeweza kucheka, na ninajua pia kwamba mtu mwingine angelia. Mimi nilifanya jambo lililokuwa rahisi zaidi: nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi sikuwa nasikia chochote, na kwamba nilichagua nyeusi kwa sababu ilikuwa karibu. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba benki imefungwa.

"Hata karubu?"

"Hata karubu."

"Haki ya Mungu," akasema polepole. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kicheko au kilio. Nadhani naye hakujua. Mhudumu alikuja hatua mbili, akarudi.

Alipotulia alijifuta uso kwa kitambaa cha meza, akaniambia lile alilokuja kuniambia. Kaka yake mkubwa alikuwa Kanada na alikuwa amemtafutia kazi katika kiwanda cha matangi. Mama yake alitaka aende. Karakana ingechukuliwa na binamu.

"Kama angechomwa," akasema, "ningekuwa na majivu. Ningeyapeleka mahali, ningejua nimeyapeleka. Sasa kaburi ni yenu. Mkienda kuifyeka, mnaifyeka nyinyi. Mimi niko na nini hapa, shem?"

Hakusema kwa lawama. Alisema kama anavyouliza mtu bei. Ningeweza kumjibu kwamba kaburi ni lake pia, kwamba mama anamwita mwanangu, kwamba milango iko wazi. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Utaenda lini?" nikauliza.

"Nikipata karatasi."

"Sawa."

Tulimaliza bia. Ilikuwa ya moto na povu lake lilikuwa limeisha.

Kabla ya kusafiri alienda Machakos peke yake, bila kuniambia. Mama ndiye aliyenisimulia. Alifika asubuhi na pikapu yake, akawa amebeba uzio mfupi wa chuma alioutengeneza mwenyewe, mishono yote imesuguliwa laini, akauchimbia kuzunguka kaburi. Mama alimpelekea chai. Aliinywa akiwa amesimama, akasema ni tamu sana. Mama alisimulia hilo kwa mshangao, kwa sababu alikuwa amesahau kuweka sukari na alilikumbuka baada ya pikapu kuondoka.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Tulikumbatiana kwa namna ya watu wawili wanaobeba mizigo. Akaniambia nisiache kwenda Ngong Road, kwamba mpishi anatarajia kuleta bia mpya ya mtama. Nilimwahidi.

Nilienda mara moja tu. Mpishi alinitambua, akauliza kuhusu fundi wake, akaniletea glasi ya bia hiyo bila kungoja niagize. Niliinywa nikiangalia matangi. Kulikuwa na uchungu fulani mwishoni, upande wa nyuma wa ulimi, mdogo, kama wa dawa. Nilikaa nikiungoja uje tena katika funda lililofuata, ukaja. Sikufurahi. Nilimwambia mpishi ni nzuri, akataka kujua nzuri vipi, nikasema ni chungu, akasema ndivyo alivyokusudia.

Siku moja, miaka miwili hivi baadaye, picha zilifika kwa barua pepe. Shemeji alikuwa ameoa tena. Alikuwa na kilemba chekundu, na mwanamke kando yake alikuwa anaangalia pembeni, kama mtu aliyeitwa jina. Nilizichapisha ofisini kwa karatasi ya kawaida, nikampelekea mama. Alivaa miwani, akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaziangalia moja baada ya nyingine.

"Amenenepa," akasema.

"Amenenepa."

Akazipanga vizuri, akaziweka kwenye kabati la vyombo, juu ya sahani za wageni. Kisha akaniuliza kama ninataka ugali au wali, nikamwambia chochote kile, akasema hapana, nichague. Nikasema wali.