Mboga Isiyo na Chumvi

Miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mhunze. Sikuwa nimefika arobaini nilipoanza kuamka kila asubuhi na kichwa kinauma. Nikaenda hospitali ya misheni kwa baiskeli. Daktari akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akarudia. Kisha akaniuliza baba yangu alikufa na nini.

"Alianguka zizini," nikasema. "Alikuwa anafungulia ng'ombe."

"Akiwa na umri gani?"

"Kama wangu, au zaidi kidogo."

"Na babu?"

"Naye alianguka. Mimi sikumkuta."

Akaweka kalamu chini. Akasema nina presha, na kwa jinsi nilivyomweleza, huenda maradhi ya moyo yanatembea katika damu ya ukoo wetu, baba anamwachia mtoto. Akanipa vidonge, akanikataza chumvi, samli na nyama ya mafuta. Akauliza kama nina ndugu wa kiume. Nikamwambia ninaye kaka mmoja.

"Mlete," akasema.

Kaka ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Aliuza ng'ombe ili niende chuo cha ualimu. Kwetu kila mtu alijua kwamba baba na babu walilogwa. Mganga alishasema, na kaka alishachanjwa kifuani kujikinga. Nilimkuta shambani anapalilia pamba. Aliegemea mpini wa jembe, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo baba ndiye aliyetuloga?"

"Sijasema hivyo, kaka."

"Umesema maradhi yametoka kwake." Akainama, akaendelea kupalilia. "Mimi siumwi kitu, mdogo wangu. Wewe meza vidonge vyako."

Wanaume wa mji wetu tulikula pamoja nje, penye moto wetu tulioita shikome, ugali mmoja na bakuli moja la mboga. Kaka alikuwa na desturi ya kunisogezea kipande chenye mafuta. Wiki mbili za kwanza nilikila, nikanyamaza. Kichwa kikarudi. Mke wangu akatenga chungu kidogo, akawa ananipikia mlenda usio na chumvi, na mimi nikaenda shikome na bakuli langu mkononi.

Mazungumzo yakakatika. Kaka akalitazama lile bakuli.

"Unaogopa chakula changu?"

"Ni chumvi tu, kaka."

"Chumvi hii hii tunayokula tangu baba yupo."

Kwetu, mtu akikataa chakula cha ndugu yake ni kama ametangaza kwamba ndugu huyo ni mchawi. Nililijua hilo vizuri kuliko nilivyojua presha. Nilijikaza kwenda siku kadhaa, kisha ule ukimya ukanishinda. Nikawa nakula chumbani, juu ya meza ya kusahihishia madaftari. Mke na watoto walikuwa jikoni, wanaume wako nje, na vicheko vyao vyote nilivisikia.

Msimu wa kuvuna, kaka alianguka akipakia magunia ya pamba kwenye mkokoteni. Mimi nilikuwa darasani. Nilipofika walikuwa wameshamlaza kivulini, na shati lake bado limelowa jasho.

Msibani hakuna aliyenituhumu waziwazi. Mjomba mmoja aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, ulijua nini hata ukaacha kula naye?"

Nikajaribu kueleza habari za damu. Nilieleza kwa Kiswahili cha daktari, kwa kuwa maneno ya Kisukuma ya mambo hayo sikuwa nayo. Nilipomaliza, walikuwa wanatazama chini. Kisha shemeji yangu, mjane wa kaka, akaleta chakula. Akawanawisha wote mikono, mmoja mmoja. Mimi akanipita.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikapelekwa shule moja upande wa Chato. Watu wa ziwani walidhani ni dini yangu inayonikataza kula chakula chao, wakaacha kunialika. Nikiwa huko niliwaandikia watoto wa kaka, kila mmoja barua yake, nikiwasihi wakapimwe. Kimya. Zikapita wiki kama nne, tano hivi, ndipo binti yake mkubwa, aliyeolewa Nyasubi, akaniandikia: "Baba mdogo, shikamoo. Nilipokuwa mjamzito walinipima, wakasema presha. Mama hajui kama nakuandikia. Nile nini?"

Nilimjibu kurasa nne. Mke wangu alisimama nyuma yangu akinikumbusha ndimu, na kwamba karanga zisikaangwe na chumvi. Hakuandika tena, ila nilisikia kwa watu kwamba yu mzima na anahudhuria kliniki.

Sasa nimestaafu. Nimempita baba kwa umri, nimempita babu, nimempita na kaka. Miguu hunikakamaa asubuhi, na hakuna mwanaume wa kwetu wa kumwuliza kama huo ni uzee au ni ugonjwa. Mke wangu hunikanda kwa maji ya moto na kusema ni uzee.